Kishoka Nilichokiloweka Majini

Mwanangu, umeniomba nikuchagulie mpini wa kishoka chako, na nitakuchagulia. Lakini kaa kwanza. Nakumbuka asubuhi moja kijijini kwetu Izigo ambayo nikiigusa tu kwa mawazo naona aibu mpaka leo, na mimi ni mzee ninayeitwa babu, si na wewe mjukuu wangu tu, hata na watu nisiowajua.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Kijiji kilikuwa kimeamua kujenga darasa, na matofali tulifyatua wenyewe na kuyachoma wenyewe. Tanuru la matofali linakula kuni vibaya sana. Kila nyumba ilitoa mtu, na mtu alikuja na chombo chake. Mimi nilikuwa nimepata kichwa cha kishoka kwa mhunzi, kimefuliwa kwa springi ya lori, kidogo lakini kikali, na nilikwisha kujisifu kijiji kizima. Kilichobaki kilikuwa mpini.

Kuchagua mpini nilikujua, usidhani sikufundishwa. Baba alinionyesha. Unatafuta mti mgumu, mpera au shina la mbuni mkongwe, ule mti wa kahawa, uliokwisha kung'olewa, lililonyooka, lisilo na vifundo. Unaliweka juu ya jiko lipigwe moshi miezi mingi, hadi ukiligonga linalia. Unalichonga jembamba chini na nene juu, halafu unalipitisha kwenye tundu la kishoka kutokea juu, kama tunavyotia mpini wa jembe. Hapo kila ukipiga, kichwa kinazidi kujikaza. Hutaki msumari wala kabari.

Sasa sikia nilichofanya. Siku ya kazi ilikuwa kesho yake na sikuwa na mti mkavu. Nikakata tawi bichi la mparachichi kwa kuwa limenyooka na ni laini kuchonga. Nikachonga kwa haraka, likawa jembamba mno. Nikalisukuma kutokea chini, nikajazia kipande cha kitambaa, bado kichwa kikacheza. Nikakitumbukiza kishoka chote kwenye ndoo ya maji. Mti ukinywa maji unavimba, na asubuhi kilikuwa kimekaza kabisa. Nilijua jua likikipiga kitalegea. Nikajiambia kitakuwa mkononi mwangu mwenyewe, nitakiangalia.

Asubuhi hiyo akapita Ta Laurenti. Ta, au tata, ni neno letu la kumheshimu mzee, na huyu alikuwa mzee kwangu kwa namna ya pekee, maana wiki iliyotangulia wajomba zangu walikuwa wamekwenda kwake kumposa binti yake, Koku, na jibu lilikuwa bado. Ndiye aliyekuwa mpasuaji kuni wa kijiji. Magogo yaliyowashinda vijana walimwachia yeye. Shoka lake lilikuwa limevunjika mpini, akaja kuazima kishoka changu.

Alikishika, akakipima uzito, akapitisha kidole kwenye tundu. "Mpini nani katia?"

"Mimi mwenyewe, tata."

"Mbona pana unyevu?"

"Nimekiosha tu, tata."

"Umekauka lakini, huu mti?"

"Umekauka."

Mwanangu, ningesema neno moja tu. Lakini ningeonekanaje? Kijana anayetaka kuoa, na hata mpini hawezi kutia. Nikamwangalia akiondoka nacho begani.

Mimi nilipangiwa kubeba maji ya kukandia udongo bondeni, yeye alikuwa juu kwenye mikaratusi. Sijawahi kulitazama jua kama siku ile. Kila lilipopanda, mimi nilihesabu maji yakitoka kwenye ule mpini. Nilimsikia akipasua, pa, pa, na kila pigo nilishusha pumzi. Nikajiambia nikimaliza safari hii ya maji nitapanda nimwambie. Nikamaliza, nikaenda nyingine. Mtu mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikanyanyua ndoo nikaenda zangu. Halafu mapigo yakakatika, nikasikia watu wakiitana.

Walimshusha wakimshika mabega. Kichwa cha kishoka kilikuwa kimechomoka, kikadunda kwenye gogo na kumrudia kwenye muundi wa mguu. Damu ilijaa kwenye majani ya mgomba waliyomfungia. Nikasimama pale na ndoo yangu. Na unajua yeye alisema nini? Aliniona, akasema mbele ya wote, "Kijana, nisamehe. Nilipiga vibaya, mpini ukagonga gogo. Mkono wangu si ule wa zamani. Nimekuharibia kishoka chako."

Watu wakanitazama. Nikasema, "Pole sana, tata." Basi. Hayo ndiyo yaliyotoka kinywani mwangu.

Wiki ya kwanza niliogopa pepopunda. Nilipita karibu na zahanati nikijifanya nina safari, nisikie tu kama amekufa. Hakufa, kidonda kilianza kufunga. Nikamshukuru Mungu kanisani kwa unafiki mkubwa, nikaona yamekwisha. Siku hizo hizo Koku akaja kwetu na mkungu wa ndizi kichwani. Baba yake kautuma, fidia ya kishoka. Mama akaupokea, akaupika. Nikala, mwanangu. Nilikula ndizi za mtu niliyemkata mguu.

Miezi ikapita, na jibu la posa likaja, tukakubaliwa. Siku moja nikakutana na Koku kisimani, nikamuuliza hali ya mzee. Akasema, "Mguu umepona, ila baba si yule. Shoka lake kampa binamu yangu. Kuni tunakatiwa na majirani. Kwenye kazi za kijiji siku hizi anakaa na wanawake anafunika matofali kwa nyasi, na vijana wanamtania. Anasema mkono wake umemsaliti, asije akaua mtu."

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli. Nilikuwa nimeogopa damu miezi yote ile, kumbe kilichokuwa kinavuja kilikuwa kingine. Mzee aliyekuwa na nguvu zake alikuwa ameketi anaamini amekwisha, na mtu pekee aliyejua kwamba si kweli nilikuwa mimi.

Nikachukua mpera niliokuwa nimeuweka juu ya jiko letu tangu wiki ile ya ajali, ulikuwa umekauka. Nikauchonga taratibu, nikaupitisha kwenye kichwa kile kile kutokea juu, nikagonga kitako chake kwenye jiwe hadi kichwa kikagoma kusogea. Nikaenda kwake. Nilimkuta nje ya nyumba anachambua maharage. Nikapiga magoti, nikamwambia yote, tawi bichi, kitambaa, ndoo, na ule uongo wa kuosha. Nikamwambia mkono wako haukukosea, tata.

Akayaweka maharage kando. Nilingoja kufukuzwa, na posa ivunjwe. Akachukua kishoka, akakitazama tundu, akasema, "Huu umeutia vizuri." Akainuka akaenda kwenye gogo lililokuwa uani. Akainua kishoka. Na hapo juu, mwanangu, mkono ukasita. Akakishusha polepole bila kupiga. Akajaribu tena, vilevile. Akaja akanirudishia.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "ningekutukana mchana huo na kesho yake ningekuwa msituni. Sasa mkono umekwisha kuzoea kuogopa. Kidonda nimekusamehe. Lakini hofu hii sijui nikusamehe vipi, maana hata mimi sijui nitaitoaje."

Posa hakuivunja, Koku nikamwoa. Ndiye bibi yako. Lakini Ta Laurenti hakupasua gogo tena mpaka tulipomzika, na kuni zake nilikata mimi miaka yote iliyobaki. Watu walinisifu kuwa mkwe mwema. Nilikuwa nalipa, na sikuwahi kumaliza.

Basi mpini wako uwe mkavu, uingie kutokea juu, na usiuloweke hata ukiwa na haraka ya namna gani. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: ukimpa mtu kitu na unajua kina kasoro, mwambie kabla hakijatoka mkononi mwako, hata kama ni baba mkwe, hata kama utaaibika. Na ikitokea umechelewa, umemdhuru, sema siku hiyo hiyo. Usingoje kidonda kipone kwanza. Wewe unapoogopa aibu, mwenzako anajilaumu kwa kosa lako, na akishazoea kujilaumu, ukweli ukija hauna tena pa kumshika.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe kinywa chepesi kukiri na mikono isiyo na haraka, na yeyote atakayepokea kitu kutoka kwako arudi nyumbani kwake salama.