Siku Wakwezi Walipogeuka Potwe

Mume wangu ni mkwezi. Nalisema mapema kwa sababu wapo wanaolisema kwa kunong'ona, utadhani wanataja maradhi. Anapanda minazi ya watu, anaangua nazi, anarudi nyumbani na vifundo vya miguu vimechubuka kwa kamba. Kazi hiyo aliianza kabla hajanioa, na miguu imempinda kwa ajili yake, hata akija kwa mbali njiani unamjua ni yeye. Mimi nauza bajia na kachori kwenye kiwanja cha chuo siku za mechi. Kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Chuo chenyewe kiko njia ya kwenda Baleni, hapa kisiwani Mafia, chuo kidogo cha ufundi, na timu yake ya mpira ndiyo timu yetu sote huku, hata sisi ambao darasa lake hatukulikanyaga. Zamani haikuwa na jina la maana. Siku moja ikaenda kucheza Kilindoni, na watu wa mjini wakaanza kuizomea: wakwezi hao, rudini minazini kwenu. Vijana wetu wakashinda. Wakarudi kwenye lori wanaimba njia nzima, sisi wakwezi, sisi wakwezi, na jina likaganda. Fundi mmoja wa kuchora mabango akatengeneza bendera ya kijani, katikati mtu anapanda mnazi, na alipotafuta wa kumtazama wakati anachora alikuja kwetu. Mume wangu alisimama uani asubuhi nzima kakumbatia nguzo ya banda la kuku. Fundi hakumficha kitu, alimchora na matege yake yote.

Basi ikawa desturi. Nyuma ya goli moja pana mnazi mrefu, na kabla mpira haujaanza mume wangu anaupanda na bendera kaizungusha kiunoni, anaifunga kileleni, kisha anakata madafu ya wachezaji na kuyashusha kwa kamba taratibu yasipasuke. Mechi ikiisha bendera inabaki hukohuko juu mpaka mechi nyingine, upepo umeshaichakaza, ndipo anapanda na mpya kuibadili. Wanawake tulikuwa na sare, kanga za kijani, tukipiga vigelegele, na vijana walikuwa na wimbo wa kumpandisha, wanaurudia mpaka afike. Refa anasubiri. Hakuna aliyemwagiza refa asubiri, ilikuwa hivyo tu.

Mkwezi hatazamwi, nawaambia. Anatoka nyumbani giza halijaisha, anapanda, anaangusha, na wanaopita chini wanaogopa nazi isiwapige kichwa, yeye mwenyewe hawana habari naye. Ukikaa kula wali wa nazi hujiulizi nani kaiangua. Mume wangu si mtu wa maneno mengi, lakini ana majivuno yake ya chini kwa chini, na anayeyajua ni mimi. Siku za mechi ananyoa ndevu. Anataka fulana nyeupe iliyopigwa pasi, mtu anayekwenda kukumbatia gome la mnazi. Nikimwuliza kama anakwenda kuposa ananiambia nimwache, na huku anacheka. Akishuka anajifanya ana shughuli na kamba yake, kumbe anasikiliza makofi.

Mwaka jana chuo kikapata mkuu mpya, mwanamke bado kijana, kutoka bara, mwenye adabu zake, hilo sitamnyima. Akahangaika mpaka akapata mfadhili, kampuni ya mambo ya watalii. Watatoa jezi, viatu, mipira, na watajenga jukwaa lenye paa ili tusikae juani. Sharti lao lilikuwa moja: timu iache jina lake la utani, ichukue jina na nembo ambayo mgeni akiiona ataikumbuka Mafia. Wakachagua potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa meupe ambaye wageni wanatoka kwao Ulaya kuja kuogelea naye.

Mashabiki tukaitwa ukumbini tuonyeshwe. Nembo ikawekwa ukutani kwa projekta, na nitasema kweli ya Mungu, ilikuwa nzuri. Potwe wa buluu, mdomo wazi, mgongo una madoa meupe, chini mawimbi. Maneno yakamwagika. Mvuvi mmoja wa Jibondo, ambaye huja kuuza samaki wake huku na mechi haimpiti, akasimama akauliza kama aliyechora amewahi kumwona potwe akimfanya mtu lolote.

"Huyu unamgusa ubavu na wala hana habari nawe," akasema. "Anapita mdomo wazi anameza vidagaa. Sasa wapinzani tutawatisha na nini, tutawapigia miayo?"

Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Mwenzangu mmoja wa sare akauliza na kanga zetu za kijani je, tukazifanye mbeleko? Halafu akasimama msichana mmoja mwanafunzi, na huyo hakuja na mzaha. Alisema yeye anatoka Njombe, mnazi ameuona mara ya kwanza aliposhuka kwenye kivuko kuja kusoma hapa. Alisema akivaa jezi ya mkwezi anaona amevaa mambo ya watu wengine. Potwe alikwenda kumwona na wenzake, akapiga picha, akamtumia mama yake, na mama yake akaipeleka kwa majirani. Mimi mdomo ninao, kila mtu atakuambia, lakini maneno ya binti yule yaliniingia.

Mkuu wa chuo akamalizia. "Wazee wangu, naomba mnielewe," akasema. "Mzazi anauza ng'ombe huko bara mtoto apate ufundi. Hamleti huku aje aitwe mkwezi."

Alilisema kwa upole kabisa. Nadhani hakujua nani kakaa nyuma. Mume wangu alikuwa kakaa nyuma kabisa, kofia kaiweka juu ya goti, na waliokuwa wakimfahamu wakageuka wote kumtazama. Yeye akaivaa kofia yake. Nikaona uso unavyomshuka, na damu ikanichemka.

"Mwalimu," nikasema, sikungoja kupewa nafasi, "na hiyo nazi unayokula inashuka yenyewe?"

Watu wakapiga makofi, mkuu akaomba radhi palepale, akaja mpaka nyuma akampa mkono mume wangu. Lakini jambo lilikuwa limekwisha. Makubaliano yalitiwa saini kabla hatujaitwa. Tuliitwa kuonyeshwa, kuulizwa hatukuulizwa.

Basi kundi letu la WhatsApp likawaka moto. Mmoja kachukua picha ya mkwezi akampachika kichwa cha potwe, mwingine anarekodi sauti ndefu za kuapa kwamba hatakanyaga tena kiwanjani, wengine wakajitoa wakafungua kundi lao. Watu wa Kilindoni nao hawakutuacha, kila asubuhi wanatutumia picha za dagaa, ati chakula cha timu yenu kimefika. Nilikuwa nasoma nacheka peke yangu jikoni, na nilidhani kwa kelele zile lazima chuo kitarudi nyuma. Halafu jezi zikaja, zikaanza kugawiwa bure. Nikakutana na yule mvuvi wa Jibondo sokoni, amevaa yake, potwe kamjaa kifua kizima.

Akaniona ninavyoitazama. "Shemeji," akaniambia, "kitambaa chake kizuri hiki, hakishiki jasho."

Mume wangu hayo yote hakuyafuata. Simu yake ni ya kupigia na kupokea tu. Nilimsomea mawili matatu, akanisikiliza, akauliza neno moja: bendera je. Nikamwambia sijui. Kwa kweli hakuna aliyekuwa amefikiria habari ya bendera.

Waliifikiria walipokaribia siku ya kuzindua jezi na jukwaa. Mkuu wa chuo akaja nyumbani mwenyewe na mwalimu mmoja wa michezo, mchana, mimi nasaga dengu kwa jiwe, mume wangu kakaa kizingitini anasuka kamba. Wakatuamkia vizuri, shikamoo mzee, shikamoo mama, tukawaitikia marahaba, wakakaa. Wakazunguka na maneno, hali za nyumbani, mvua, bei ya nazi. Mwisho likatoka. Wageni watakuja, na haitapendeza wakute bendera ya zamani bado iko juu. Wamejaribu vijana wa chuo, hakuna aliyefika hata nusu ya mnazi. Wanamwomba mzee awasaidie kuishusha.

Nikaliacha jiwe. "Mnataka maiti ajioshe mwenyewe?" nikawauliza.

Mkuu wa chuo akainama. Yule mwalimu wa michezo akajifanya anatazama kuku. Sikuwa nimemaliza, nilikuwa na mengine yamejipanga, lakini mume wangu akanikatiza.

"Nitakuja," akasema. "Saa ngapi?"

Walipoondoka nilimshukia kama mvua ya masika. Nikamwambia hana haya. Nikamwambia wamemtukana ukumbini mbele za watu na leo wanamtuma kazi yao, na yeye anauliza saa. Alisuka kamba yake mpaka nikachoka. Kisha akauliza, "Siku hiyo watu watakuwa wengi?"

"Watakuwa wengi," nikasema. "Na wakubwa wa serikali wamealikwa. Kwa nini?"

"Bendera niliipandisha watu wananitazama. Nitaishusha watu wananitazama. Mara moja tena, wanione, halafu basi."

Kumbe alichokuwa anakitaka ni kidogo hivyo, na kilikuwa kitu ambacho wangeweza kumpa bila kupungukiwa chochote. Nikaipiga pasi fulana yake, na mashati mawili ya watoto juu yake, ili asione kama nimemfanyia yeye tu.

Siku yenyewe kiwanja kilifurika. Wanawake nusu kijani nusu buluu, muziki, jukwaa jipya limepambwa makuti na maputo. Jukwaa liko upande mmoja, mnazi wetu uko upande wa pili nyuma ya goli, na mimi niliiweka meza yangu karibu na mnazi. Mshereheshaji akashika kipaza sauti akatangaza kwamba sasa mzee wetu mpendwa atatushushia bendera ya Wakwezi, tumshangilie. Na watu walimshangilia, sitaki kuwasingizia. Wimbo ukaanza, wimbo wake uleule, vigelegele juu. Mume wangu akaitia miguu kambani, akaukumbatia mnazi, akaanza kupanda kwa mwendo wake, hana haraka, mgongo wa fulana unang'aa juani.

Alipofika katikati, magari ya wageni yakaingia. Yalikuja kabla ya wakati. Mshereheshaji akababaika, akaanza kuwataja kwa vyeo vyao, na nyuma ya jukwaa mtu akawasha mashine ya upepo iliyoletwa na mfadhili. Likaanza kuinuka potwe la mpira, likajaa, likainuka, likapita paa la jukwaa, mdomo wazi na madoa yake. Hakuna aliyewahi kuona kitu kama kile huku kwetu. Kiwanja kizima kikageuka. Waliokuwa na simu wakazinyanyua, watoto wakatimka mbio, wakubwa wakawafuata, na wimbo ukakatika katikati ya mstari.

Yeye akafika kileleni. Nilimwona anafungua fundo, anaikunjua ile bendera, anaishika kwa ncha zake mbili, anainyoosha mbele yake. Mbele yake ilikuwa migongo ya watu. Mkwezi akimaliza kazi yake hakai juu, anashuka, nimemjua maisha yangu yote hivyo. Siku ile alikaa. Alikuwa anawangoja wageuke.

Nikapiga kelele. Sauti yangu inauza bajia kutoka goli hadi goli, na niliitoa yote. "Tazameni juu, jamani. Juu huku."

Wachache wakageuka wameshtuka, wakidhani anaanguka. Walipoona haanguki wakarudi kwenye potwe lao. Msichana mmoja aliyevaa jezi mpya akaniambia, "Mama, umetutisha," na wala hakusema kwa ubaya.

Akashuka. Alipokanyaga chini hapakuwa na mtu wa kumkabidhi bendera, mkuu wa chuo alikuwa jukwaani na wageni wake, akitabasamu, maskini, siku yake kubwa na yeye. Makofi yakalipuka huko upande wa pili. Mume wangu akageuza kichwa akasikiliza, kisha akanipa bendera mimi, nikaikunja nikaiweka chini ya meza.

Nimetafuta wa kumlaumu sikumpata, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ningempata ningemtukana nikapumua. Timu inacheza vizuri, jukwaa lina kivuli, watoto wanajivunia potwe wao, na hata mimi nimeuza bajia kuliko zamani. Laiti wangempa siku yake peke yake. Laiti wangeiwasha ile mashine robo saa baadaye, mtu ameshashuka, ameshapigiwa makofi yake. Sasa hatokei tena kiwanjani. Siku za mechi anakwenda kuangua nazi za watu, na akirudi haulizi nani kafunga.

Lakini siku ile, tulipokuwa tunarudi, mimi na beseni langu na yeye na kamba begani, alitangulia njia nzima. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza, "Wewe uliniona?"

"Nilikuona."

"Mpaka kileleni?"

"Mpaka kileleni," nikamwambia, "na ulivyoinyoosha, na ulivyoshuka. Yote."

Akasema basi, yatosha. Lakini haikumtosha, mimi namjua, na mpaka leo haijamtosha.