Mwaka Walipopima Mbaazi Zetu

Mvua ilikatika mapema mwaka huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mahindi yakakaukia mashambani kote Zombe. Mbaazi ndizo zilizobaki zimesimama. Tulizila asubuhi, tukazila jioni, mpaka kutafuna kwenyewe kukawa kazi kama kuteka maji. Hata mbuzi walionekana kuchoka, wamelala kivulini bila haja ya kulia.

Ndipo akaja mtafiti, binti mwembamba kutoka Nairobi, na mizani ndogo ya jikoni na maboksi ya chupa za plastiki. Alitaka kujua wanawake wa kwetu wanakula mbaazi kiasi gani, na kama chakula hicho kina uhusiano wowote na magonjwa ya matiti. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na pa kwenda, basi nikafanywa mkalimani. Yeye aliuliza kwa Kiswahili, wanawake wakajibu kwa Kikamba, nami nikakaa katikati kutwa nzima, koo limekauka.

Siku ya kwanza aliwakusanya kwenye baraza ya kanisa.

"Ndani ya mbaazi mna kitu kinachofanana na homoni ya mwanamke," alisema. "Hakikutoka mwilini mwake, lakini mwili hukipokea. Huenda kinamlinda. Huenda hakimsaidii kitu. Bado hatujui, ndiyo maana tunauliza."

"Basi mzee wangu, anavyofakamia isyo," jirani yetu akadakia, "si ataota matiti?" Isyo ni mahindi na mbaazi zilizochemshwa pamoja, na mzee wake alijulikana kwa kumaliza sufuria nzima.

"Acha yaote! Naye anyonyeshe aone."

"Na huu mkojo mnaotaka tuutie chupani, unaenda wapi?"

"Nairobi, kwenye maabara."

"Jamani! Mkojo wangu utaiona Nairobi kabla yangu."

Kicheko kilikuwa kifupi. Watu walikuwa na njaa.

Mama Mkubwa hakucheka. Alikuwa ameketi nyuma, mahali alipokaa hata Jumapili, kwa sababu kanisa halikuipenda ndoa yake. Mumewe alikufa zamani, naye hakujaliwa kuzaa. Akafanya kama walivyofanya wanawake wa Kikamba waliomtangulia: alipeleka mbuzi kwa wazee wa msichana mmoja, akamwoa. Mke wa namna hiyo huitwa iweto, na watoto anaowazaa ni wa nyumba ya yule aliyemwoa. Msichana yule ndiye mama yangu. Alitupata sisi watatu na mwanamume ambaye hakuna aliyemuuliza habari zake, na Mama Mkubwa akawa ndiye mwenye watoto. Yeye ndiye aliyetutafutia karo, naye ndiye aliyetuchapa.

Zamu yake ilipofika, mtafiti aliuliza, "Mama, una watoto wangapi?"

"Watatu."

"Walinyonya?"

"Walinyonya sana."

Mtafiti alishukuru, akamwita mwingine. Mwisho alitangaza kwamba kesho gari lingewapeleka kwa daktari mjini Kitui wale ambao hawakuzaa kamwe, kwa kuwa hatari ya ugonjwa wa matiti kwao ni kubwa zaidi. Nilitafsiri nikitazama vidole vyangu vya miguu.

Jioni tulikaa uani tukipura mbaazi. Mama alipiga mara chache, kisha akaweka fimbo chini.

"Ungemwambia ukweli yule binti," alimwambia Mama Mkubwa. "Gari ni la wale."

"Wale akina nani?"

"Unajua."

"Mimi nina watoto. Huyu hapa humwoni?"

"Na uvimbe je?"

Hivyo ndivyo nilivyojua. Ulikuwa kwenye titi la kushoto, na Mama aliuona alipokuwa akimsugua mgongo bafuni.

"Basi taja uvimbe tu," Mama alisihi. "Watakuchukua kwa huo uvimbe."

"Nikiutaja wataniuliza nilizaa wangapi. Nikienda zahanati, nilizaa wangapi. Nikienda kwa mchungaji, nilizaa wangapi. Kila mlango umesimamishiwa swali lile lile." Hakupandisha sauti. "Nimechoka. Niache nife nikiwa mama."

"Nani amesema utakufa?"

"Wewe ndiye unayetaka nipande gari."

Mama aliokota fimbo, akapiga maganda kana kwamba yamemtukana.

Alfajiri Mama hakumngoja mtu aamke. Alikwenda na Kiswahili chake cha kuokoteza, akamweleza mtafiti kila kitu, uvimbe na sisi. Gari liliposimama langoni kwetu, Mama Mkubwa alimtazama mkewe kwa muda, akajifunga kitambaa kichwani, akapanda. Mimi nilipanda naye. Mama alibaki amesimama pale langoni, na hakuna aliyempungia mkono.

Uvimbe ulikuwa wa maji. Daktari aliuvuta kwa sindano mchana ule ule, akaagiza arudi aangaliwe tena. Lakini hayo yalikuja baadaye. Kabla ya sindano kulikuwa na swali, na Mama Mkubwa alilijua tangu nyumbani.

"Mama amezaa mara ngapi?" daktari aliniuliza, kwa maana aliambiwa mimi ndiye mkalimani.

Nilimgeuzia maneno yale kwa Kikamba, polepole, nikijaribu kuyapunguza uzito. Nje mtu alikuwa akiburuta benchi sakafuni.

"Mwambie sijazaa," alisema.

Sikuwahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Nililipeleka ng'ambo kama lilivyo.

"Sawa," daktari alisema. "Na wewe ni nani wake?"

"Mtoto wake."

Alinitazama, akamtazama. "Si amesema hajazaa?"

"Ndiyo. Tuko watatu. Mimi ndiye wa mwisho."

Daktari alipangusa uso kwa kiganja. Naye tangu asubuhi alikuwa hajaketi. Hakuuliza zaidi.

"Anasema nini?" Mama Mkubwa alininong'oneza.

"Ameuliza mimi ni nani wako."

"Ukamwambiaje?"

Nilimwambia. Aliguna, kama mtu anayetua mtungi, kisha akaanza kufungua vifungo vya blauzi yake.