Chipsi za Fundi wa Dar

Chekeni tu, mimi nimeshajicheka. Nakaanga mihogo getini pa sekondari hapa Newala, ndiyo inayonilisha tangu baba Hadija atutoke. Juzi kapita mwalimu mkuu na mgeni, fundi wa kompyuta kutoka Dar, anaongea kwa pua kama ana mafua: "Mwalimuu, huko mbele chipsi zitakuwa ndogo kuliko ukucha. Kesho nitawaonyesha tunavyozijaribu kabla hazijatengenezwa."

Moyo ukanipiga paa! Na hili soko huria, kila kitu kinatoka Dar, sasa hadi chipsi? Nani atanunua mihogo yangu?

Asubuhi nikaing'ata mihogo mibichi mmoja mmoja, michungu nikaitupa. Mizuri nikaikatakata kama kucha, nikakaanga, nikaingia darasani na sinia kichwani.

"Shikamoo, bibi," kasema fundi.

"Marahaba. Nimeleta zangu, zijaribiwe pamoja na zako. Tusidhulumiane."

Fundi kainua kidude cheusi, kina vimiguu kama jongoo. "Bibi, chipsi zangu ndizo hizi. Zinakaa ndani ya kompyuta. Tunazijaribu zikiwa bado mchoro, maana zikishatengenezwa, kosa halitoki."

Hapo nikamwelewa vizuri kabisa. Muhogo mchungu nao ukishaingia kwenye mafuta, ndiyo basi tena. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini mwalimu mkuu kaniwahi, na lile lisauti lake la kengele: "Kwa hiyo, Mama Hadija, umetukaangia kompyuta?"

Darasa zima likaangua kicheko, na mimi katikati, nalitafutia sinia pa kulitua.