Wifi Aliponialika Ukerewe

Wifi yangu alishuka kwenye lori la kahawa amevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, huku kwetu Nyakakika, kwenye vumbi lile jekundu la Karagwe! Mimi nilikuwa uani nageuza kahawa kwenye mikeka, kichanga mgongoni, wa pili kang'ang'ania khanga yangu, wa kwanza anapigana na jogoo. Wifi alikuja na watoto wake pacha na masanduku mawili. Akaniangalia kuanzia miguuni kwenda juu, akacheka.

"Wifi, umekuwa mweusi kama chungu cha mama!"

"Na wewe umenenepa," nikamwambia. "Karibu."

Nitasema ukweli tangu mwanzo, nisije nikaonekana mtu mwema. Nilikuwa na wivu na mwanamke huyu tangu siku aliyoolewa. Mimi nilifika darasa la kumi. Yeye aliishia la nne, tena kwa kusukumwa. Lakini yeye alimpata karani wa boma kule Bukoba, na mimi nikampata kaka yake, ambaye ana migomba, kahawa na mama yake mzazi.

Tulipoketi kunywa uji akatoa habari yake. Mumewe amepewa livu, yaani likizo ya kazini, ya wiki tatu. Binamu wa mumewe ni mwalimu huko Ukerewe, na nyumba yake iko ufukweni kabisa. Mwalimu anasafiri, nyumba itabaki tupu. Basi wao watapanda meli Bukoba mpaka Mwanza, wavuke mpaka kisiwani, wakapumzike.

"Mkapumzike mkifanya nini?" nikauliza.

"Kupumzika tu, wifi. Unakaa. Unatazama maji. Wazungu wote hufanya hivyo." Kisha akanigusa goti. "Twende wote. Nimekuonea huruma."

Hiyo huruma ilinichoma, lakini sikusema hapana. Nilikuwa nimechoka sana hata huruma ya wifi niliweza kuimeza.

Siku mbili nzima nilipima jambo hilo huku mikono ikifanya kazi. Uzuri wake niliujua bila kufundishwa: kulala mpaka jua litoke. Kula sato wa kukaanga aliyetoka majini asubuhi ileile. Kutazama kitu kisicho mgomba. Watu husema Karagwe ni nzuri kwa vilima vyake, na ni kweli, lakini anayesema hivyo huwa hapandi vilima hivyo na mtungi kichwani. Shuleni tulikariri kwamba kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Nilifikiri, mimi nimezungukwa na migomba pande zote, na hakuna aliyewahi kunipa livu.

Ubaya pia niliuhesabu. Kichanga changu kilikuwa hakijaota jino, nami sijawahi kupanda meli. Nilisikia watu hutapika mpaka nyongo. Ziwani kuna mamba. Mbu wa kule, wanasema, hawana adabu. Na kahawa ilikuwa imeiva yote kwa pamoja, kama ilivyo tabia yake. Lakini kila ubaya niliuona mdogo. Mamba humla mtu mara moja tu. Kahawa ilinila kila mwaka.

Nilimweleza mume wangu. Akakuna shingo, akasema, "Muulize mama."

Nikaenda kwa mama mkwe, nikapiga magoti, nikasema shikamoo. Nilikuwa nimetayarisha maneno kama ya wakili. Sikuyatumia. Kabla sijafika katikati akasema, "Nenda, mwanangu. Nenda na wifi yako. Kahawa tutaigeuza sisi."

Hapo ningepaswa kustuka. Mama mkwe wangu hakuwahi kuniruhusu hata kwenda kisimani bila kuniongezea mtungi wa pili. Lakini nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilifua nguo za watoto zote. Nilishona kifungo cha gauni langu la shule, gauni pekee lililonibakia lenye ukosi.

Jioni, jua likiwa bado juu ya kilima, wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda akinielezea nyumba ya mwalimu, nami nasikiliza huku namenya ndizi.

"Chumba cha mbele kinatazama ziwa. Hicho mimi na bwana. Wewe na wanao mtalala nyuma, karibu na jiko, pamoja na pacha."

Kisu kikasimama. "Pacha kwa nini?"

"Ee wifi, livu ya bwana ni wiki tatu tu! Wale wakilala na sisi, tutapumzika saa ngapi?"

"Na nani atapika?"

"Si tutasaidiana?"

Nalijua hilo neno. Nimesaidiana katika nyumba hii miaka mitano, sijawahi kumwona wa kunisaidia. Nikamgeukia mama mkwe, aliyekuwa mlangoni. Aliangalia kuku.

"Mama, ulijua?"

"Yaya wa Bukoba amekimbia," akasema polepole. "Mtu baki atawaharibu watoto. Wewe ni wa nyumbani, una elimu."

Elimu! Algebra yote ile, nikapanguse makalio ya pacha kando ya ziwa.

"Siendi," nikasema.

Wifi akapiga makofi akicheka. "Mama, nilikuambia! Huyu hajui kupumzika. Hata uarusi ulimshinda, alitoka ndani mwenyewe kama mwizi."

Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana liliniuma kuliko yote. Kwetu bibi arusi hukaa ndani, nyuma ya kizuizi cha matete, miezi minne mitano. Hashiki jembe, hachoti maji, haitwi na mtu. Analetewa maziwa, samli na ndizi, mpaka mama mkwe amtoe mwenyewe kwa mkono, ampe jembe. Wifi alikaa yote akatoka anang'aa kama kibuyu kipya. Mimi, msichana wa darasa la kumi, niliona ni ushamba. Mwezi wa pili nikaamka, nikachukua mtungi, nikaenda kisimani ili watu waone mke wa kisasa. Waliniona kweli. Tangu siku hiyo sijakaa.

Niliweka kisu chini. Nikamfungua kichanga mgongoni, nikampakata.

"Mama," nikasema, "mimi hukunitoa. Nilitoka mwenyewe. Jembe hukunipa, ukweli au uongo?"

"Ukweli," akasema.

"Basi sikutolewa. Naingia ndani."

Nikapita mbele yao, nikaenda nyuma ya kizuizi, nikakaa. Nilisikia wifi akipiga kelele. "Bibi arusi wa watoto watatu! Mama, anakuchezea!" Kama mama mkwe angenivuta kwa sikio, mwaka mzima ningekuwa kichekesho kanisani.

Akaja. Alisimama, mikono kiunoni. Nilitazama vidole vyangu kama impasavyo bibi arusi.

Akatoka. Akarudi na mzigo wa nyasi mbichi, akautupa karibu nami. "Usikalie zile za zamani," akasema, "zina viroboto." Kisha akageuka kwa binti yake, ambaye bado alikuwa akifoka. "Wewe, punguza sauti. Kuna bibi arusi ndani."

Asubuhi lori lilimchukua wifi, pacha mmoja mgongoni na mwingine akimvuta ukosi. Sitasema uongo, nililia. Sikulia kwa huruma. Nililia kwa sababu, pacha au si pacha, yeye alikuwa anakwenda kuona ziwa, na mimi natazama ukuta wa matete.

Wivu ule haukunitoka. Siku nzima nilimfuata wifi kichwani mwangu: sasa yuko melini, natumaini anatapika, sasa amekaa barazani, upepo unampuliza. Nje nilisikia mume wangu akigeuza kahawa vibaya, nikajiuma ulimi nisimwelekeze.

Siku ya sita mama mkwe aliniletea sahani ya ndizi, akabaki ameinama, akaniuliza kama zimeiva sawasawa.

Nilionja. Nikamwambia chumvi haikutosha.

Akaenda kuleta chumvi.