Sitefano Hakusomwa

Hadi leo nikisikia harufu ya matofali ya zamani yaliyolowa mvua, hapo hapo nasikia na mafuta ya mandasi yakichemka. Harufu hizo mbili ziliishi pamoja shuleni kwetu, kambini Dzaleka, wilaya ya Dowa, Malawi. Matofali yalikuwa ya darasa letu la kidato cha kwanza, lile la mwisho upande wa barabara, lenye kuta nene na madirisha madogo yaliyokaa juu kabisa, hata mwalimu mrefu hakuweza kuchungulia nje. Mafuta yalikuwa ya Agogo Naphiri, bibi wa Kimalawi aliyekaanga mandasi, ndiyo maandazi ya kwao, nje ya uzio tangu asubuhi, na sisi wote, wakimbizi kwa wenyeji, tulimwita agogo, yaani bibi, kama wajukuu zake wa kuzaa. Madarasa mengine yalikuwa mapya na mepesi, mvua ikinyesha bati lao lilipiga kelele mpaka mwalimu ananyamaza na kukaa. Letu ndilo pekee lililokuwa la zamani, na sababu tuliijua: kabla ya kuwa kambi yetu, Dzaleka ilikuwa gereza. Tuliijua lakini hatukuisema. Ukitaka kusoma mahali, hutaki kujua sana waliolia pale kabla yako.

Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili, nami nilikuwa na miaka kumi na minne, binti wa fundi cherehani kutoka Uvira, Kongo, mbishi wa kutupwa, ila mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko tabia yangu. Mvua za kwanza ndiyo kwanza zimeanza, kikafika kifurushi kutoka shule moja ya sekondari ya Ujerumani. Mwalimu wao alikuwa amepita kambini siku moja, akaahidi kuandika, na sisi tulikuwa tumeshamsahau, maana walioahidi kuandika walikuwa wengi. Ndani mlikuwa na kalamu, ramani ya dunia, na kitabu chembamba chenye picha, kilichotungwa na wanafunzi wenyewe kwa Kiingereza: historia ya shule yao na viwanja vyake.

Mwalimu wetu Balagizi, mtu wa Bukavu, aliyevaa tai hata siku ya tope, alitusomea na kututafsiria. Shule ile ilijengwa zamani kwa matofali mekundu, kwa wavulana peke yao, wasichana wakaingia baadaye sana. Vita viliunguza nusu ya paa, wakaezeka upya, na ukitazama vizuri picha unaona rangi mbili za vigae. Nyuma kulikuwa na bustani ambamo wanafunzi walilima viazi, na kando ya lango banda refu la baiskeli. "Muone, batoto!" Mwalimu alipiga meza. "Baiskeli iko na nyumba, na mi njo nalala chini ya turubai!" Tulicheka mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia mlangoni. Kisha akafungua ukurasa unaofuata, na kicheko chake kikakatika. Palikuwa na picha ya ubao wa mbao ukutani, umejaa majina. Wale wanafunzi waliandika kwamba zamani, nchi yao iliposhikwa na watawala wabaya, watoto wa Kiyahudi waliondolewa katika shule hiyo, wakapelekwa mbali, hawakurudi. Tena hawakuficha kwamba walimu wa siku zile walinyamaza. Kila mwaka wanafunzi husimama mbele ya ubao huo na kuyasoma majina kwa sauti, moja moja.

Mwishoni mwa kitabu walituomba tuwaandikie historia ya shule yetu na viwanja vyake. Mwalimu akanichagua mimi niandike, kwa sababu ya mwandiko, na masharti yake yalikuwa mafupi. "Tunapokea bageni, tunafagia. Utaandika maua ya kule mbele, bomba ya maji, kiwanja ya mpira. Mambo ya gereza, hapana. Utapatisha shule haya." Basi tukatoka kupima viwanja kwa hatua, darasa zima, wengine wakihesabu kwa Kifaransa, wengine kwa Kirundi, hesabu zikigongana, na tukibishana kama shimo la taka nalo lihesabiwe.

Agogo Naphiri alikuwa akituangalia kupitia uzio. "Mnapima nini? Mnataka kuiuza shule, mle nyama?" aliniuliza kwa Kichewa, lugha niliyoiokota sokoni nikaizoea. Nikamweleza kuhusu Wajerumani, nikamweleza na ule ubao wa majina. Aliacha mandasi yakaungua. Sikuwahi kumwona akiunguza hata moja.

"Historia ya hapa naijua mimi," alisema. Kaka yake, Sitefano Phiri, alikuwa seremala Dowa. Siku moja sokoni alisema neno juu ya wakubwa wa nchi, neno la kuchekesha tu, watu wakacheka, na mmoja wa waliocheka akaenda kulisema. Wakamleta hapa. Kila juma Naphiri alitembea kutoka kijijini na sahani ya nsima, ugali wa kwao, na maharagwe, imefungwa kwa kitambaa. Askari aliipokea langoni, naye alingoja mpaka irudi tupu. Sahani tupu ndiyo ilikuwa salamu ya kaka yake: amekula, yuko hai. Juma moja sahani ilirudi na chakula chote, fundo la kitambaa halijaguswa. Hakuna aliyemwambia kitu. Hakupewa mwili, hakuonyeshwa kaburi. Gereza lilipofungwa alikwenda kuuliza, karani akapekua madaftari, akatikisa kichwa: mtu wa jina hilo hayumo. Ndiyo sababu alikaangia pale na si sokoni penye wateja. "Hapa ndipo nilipomwacha," alisema. Akanishika mkono kwa vidole vyenye mafuta. "Mwanangu, wewe una mwandiko. Andika Sitefano Phiri. Nilione siku moja mahali limeandikwa, basi, sitaki kingine." Nikaapa kwa Mungu kwamba nitaandika.

Sasa lazima niseme jambo la nyumbani kwetu, maana bila hilo hamtanielewa, na hata hivyo sijui kama mtanisamehe. Sisi tulikuwa watu wa kuficha majina. Baba alipofika mpakani aliandikishwa Amisi Yosefu, jina la mjomba wa mama, kwa sababu waliotufukuza walikuwa na orodha, na orodha inaweza kusafiri kuliko miguu yako. Jina lake la kweli tulilijua ndani, na halikuvuka kizingiti. Nilipokuwa mdogo nililitaja kwa mama mmoja aliyekuja na daftari na tabasamu, nikachapwa siku ile mpaka baba mwenyewe akalia. "Mutu unamupenda, unamuficha jina," alinifundisha. "Karatasi haina rafiki." Niliyashika maneno hayo kuliko Baba Yetu.

Kwanza nilipigana na Mwalimu. Nilimwambia siandiki maua peke yake, yalikuwa matatu na mbuzi amekula moja. Akanifokea, akaniita kichwa ya jiwe. Nikafungua kile kitabu penye ubao wa majina, nikakiweka mbele yake. "Hawa nao walikuwa na wageni, Mwalimu, na hawakufagia." Alikiangalia, akalegeza tai. Yeye pia alikuwa na watu aliowaacha Bukavu bila kuwazika, hilo nilikuja kulijua baadaye. "Andika," akasema, "lakini andika vizuri."

Nikaandika vizuri kweli. Nikaandika kuta nene na madirisha ya juu, nikaandika sahani na kitambaa kisichofunguliwa. Nilipofika kwenye jina, mkono ukasimama. Nilimwona karani, nikamwona mtu wa orodha, nikaona karatasi ikizunguka dunia na kurudi Dowa, gari likisimama mbele ya kikaango cha Agogo Naphiri. Nilimpenda yule bibi. Basi nikafanya nilivyofunzwa kumfanyia mtu ninayempenda: nikaandika Yakobo Mbewe. Wala sikuona nimekosea. Nilikunja karatasi nikijisifu moyoni kwamba sasa mimi ni mtu mzima, najua kulinda watu.

Mvua zikaisha, mahindi yakavunwa, kifurushi cha pili kikafika. Safari hii walikuwa wamechapa kitabu kipya, historia yao na yetu pamoja, na ramani ya viwanja vyetu imechorwa upya kwa rangi, hata shimo la taka limo. Habari zikamfikia Agogo Naphiri. Kesho yake hakuwasha moto. Alikuja amevaa nguo za kanisani, blauzi nyeupe na kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani, akaingia darasani mwetu akigusa ukuta kwa kiganja. Mwalimu Balagizi alimpa kiti chake mwenyewe. Akasoma, mwenzetu mmoja Mmalawi akitafsiri: kwamba siku yao ya kumbukumbu wanafunzi wale walisimama mbele ya ubao, wakasoma majina yote, na baada ya jina la mwisho wakaongeza moja kutoka Malawi. Mwalimu akatengeneza sauti. "Yakobo Mbewe," akasoma.

Agogo Naphiri aliinama mbele kidogo, akingoja. Alingoja kwa adabu, mikono magotini. Mwishowe akauliza taratibu, "Na Sitefano watamsoma lini?"

Jamani, nimepata aibu nyingi maishani, lakini ile sijui jina lake. Mwalimu alinigeukia. Nikasimama, nikamwambia Agogo ukweli wote, kwamba nilimficha kaka yake ili wasije wakamtafuta yeye au wanawe. Nilikuwa nalia mpaka kamasi. Hakunipigia kelele, afadhali angenipigia.

"Waje akina nani, mwanangu?" alisema. "Walishakuja." Akatazama dirisha la juu. "Umemficha. Hata wao walimficha hivyo hivyo."

Akashukuru, zikomo kwa Mwalimu, zikomo kwa darasa, akatoka. Tuliandika barua ya kusahihisha wiki ile ile, nikaandika jina mara tatu na kulipigia mstari. Hatukupata jibu. Huenda yule mwalimu alihama, huenda barua ilipotea, sijui. Agogo alirudi kukaanga, akanipa mandasi kama zamani, mara nyingine akiniongezea moja juu. Jina la kaka yake hakulitaja tena kwangu. Niliondoka shuleni nikiwa bado natafuta namna ya kumrudishia, na kabla sijaipata nikaambiwa amezikwa kijijini kwao.

Mtasema basi nilijifunza. Sikujifunza kitu! Baba alipofariki, miaka imepita, mimi ndiye niliyeandika msalaba wake pale makaburini Dzaleka, kwa mwandiko wangu huo huo mnaousifu: Amisi Yosefu. Mama alisema faili yetu ya kupelekwa ng'ambo bado iko wazi, tukibadilisha jina tutaiharibu. Faili haikutupeleka popote. Sasa naishi Lilongwe, nashona sare za shule, na tumbaku ikianza kuuzwa kwenye mnada wa Kanengo harufu yake inaingia hadi kwenye vitambaa. Binti yangu anasoma mjini, shule yenye lango na bustani, na pengine inafanana na ile ya Wajerumani kwenye picha kuliko ile yangu. Mwaka huu alirudi na kazi ya nyumbani: andika historia ya ukoo wako. Akaninyooshea daftari, akauliza babu yake aliitwa nani.

Mdomo wangu ulijibu wenyewe: Amisi Yosefu. Akaanza kuandika. Nilimtazama alivyoinama mbele kidogo, na nikamwona Agogo Naphiri na blauzi yake nyeupe, akingoja.

"Futa," nikamwambia. "Babu yako aliitwa Asukulu Kashindi."

"Sasa yule wa kwenye msalaba ni nani?"

"Ni yeye. Tulimficha."

Alinitazama kama anavyonitazama nikikosea hesabu. Jumamosi tukapanda basi la Dowa na kopo dogo la rangi nyeusi. Makaburini nikalikwangua jina la zamani, nikaandika la kweli, binti yangu akinisomea herufi ingawa nilizijua. Rangi ikabaki, basi tukapita shuleni. Siku hizi kuna madarasa mengi, na maabara, na maua ambayo hakuna mbuzi anayeyafikia. Darasa letu la kuta nene bado lipo. Limepigwa lipu na chokaa, na hakuna harufu tena ya matofali wala ya mandasi. Nilimwomba mwalimu mkuu nafasi ndogo ukutani, chini ya dirisha. Ni Mmalawi, kijana kuliko mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, sahani na kitambaa, barua na kosa langu lote, kisha akatazama kopo mkononi mwangu.

"Una hakika hilo ndilo jina lake?" aliniuliza.

"Ndilo," nikasema. "Sitefano Phiri."

Akaniletea kiti nipande.