Fahali wa Baba na Kompyuta Yangu

Kakamega ya miaka ile, mvua haikubisha hodi. Asubuhi jua, adhuhuri jua, kufika saa tisa anga inajifunga upande wa msitu, radi inapiga mpaka mabati yanatetemeka, na stima inapotea mji mzima. Wengine waliipenda saa hiyo kwa sababu ya chai na mahindi ya kuchoma. Mimi niliichukia. Nilikuwa na kibanda cha kupiga chapa nyuma ya soko, na betri ya kompyuta yangu ilikuwa imekufa zamani. Stima ikienda, nayo ilikwenda, pamoja na kila nilichokuwa nimeandika.

Ilikuwa kompyuta ya kupakata, ingawa aliyeipakata kwa muda mrefu alikufa ganzi mapajani. Baba aliipata kwa Mzungu aliyekuja kuchunguza kima msituni. Baba alikuwa dereva wake kwa miaka mingi. Mzungu alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia mashine ile, na baba, ambaye hakujua hata inafunguliwa upande gani, akaivingirisha kwenye blanketi na kuiweka chini ya kitanda mpaka nilipomaliza kozi ya uhazili. Siku aliyonikabidhi aliitoa kwa mikono miwili, nami nikaipokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo nimemiliki vitu vya bei zaidi, lakini furaha ile sijaionja tena.

Kazi yangu kubwa ilikuwa programu za mazishi. Kwetu mtu hazikwi hivi hivi. Lazima historia yake isomwe, na wake, watoto, wakwe na wajukuu watajwe kwa mpangilio usioleta vita. Familia zilikuja Alhamisi zikibishana mbele yangu nani amtangulie nani. Ijumaa mwili unatoka mochari, Jumamosi ni mazishi. Sasa fikiria umeshafika kwa wajukuu, halafu radi ipige. Kuhifadhi kazi ndani ya mashine ile kulichukua muda wa kusonga ugali, kwa hiyo mara nyingi mvua ilinitangulia. Kuna mzee mmoja nilimwandika mara tatu, na mara tatu mvua ikamfuta.

"Huyu mzee hataki kuzikwa," shangazi wa ile familia akasema. Wakakusanya karatasi zao wakaenda kwa jirani yangu, aliyekuwa na kompyuta kubwa na jenereta ya kunguruma. Mji mdogo hauna siri. Baada ya hapo nilikuwa nakaa kibandani nikifukuza nzi, na mwenye kibanda akaanza kuniuliza kama ningependa kumwachia muuza mitumba.

Niliipeleka Kisumu kwa fundi. Akaifungua, akapuliza vumbi, akacheka. Alisema memori inaweza kuongezwa kidogo, na betri atanitafutia Nairobi kama bado zipo, ila nisitarajie makubwa.

"Dada, hii ni kama kumvalisha mzee viatu vya mpira," akasema. "Atavaa, lakini hatakimbia."

Kisha akanionyesha nyingine, iliyotumika kidogo tu. Aliichomoa kwenye stima, nayo ikaendelea kuwaka kama vile hakuna kilichotokea. Niliiangalia ikiwaka mpaka nikasahau chakula cha mchana.

Pesa za kutengeneza ya zamani tungezipata kwa kujibana. Za kununua mpya zilikuwa na njia moja tu, nayo ilikuwa imesimama zizini, nyeusi, inapumua. Fahali wa baba hakuwa wa jembe. Alikuwa wa kupigana. Sisi Waisukha tunajua maana yake. Anaamshwa alfajiri ya Jumamosi, anasindikizwa kwa ngoma za isukuti na filimbi na wanaume wazima wanaokimbia mchakamchaka kama watoto, mpaka uwanjani. Baba alikuwa amestaafu. Hakunywa pombe, hakucheza ajua, lile bao la kwetu. Alikuwa na huyo tu.

Nilimweleza baba maneno ya fundi.

"Hii mashine bado iko na nguvu," akasema. "Yule Mzungu alikuwa ananimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Kitu ya rafiki haitupwangi."

"Baba, sitaki kuitupa. Nataka kula."

"Mama," akaniita, maana nina jina la mama yake, na hakuniita vingine. "Jumamosi huyu anapigana huko Khayega. Akishindwa, tunauza yeye, unanunua mpya. Akishinda, tunatengeneza hii ya zamani. Ng'ombe hasemangi uongo."

Mama alisikia kutoka jikoni. "Watu wengine wanauliza fundi!" akapaza sauti. "Sisi tunauliza ng'ombe!"

Nilimtakia fahali yule ashindwe, wala sioni haya kusema. Juma zima nilipita zizini nikimkagua miguu, nikitafuta dalili ya kuchechemea. Yeye alinitazama akitafuna. Jumamosi nilitoka na wengine alfajiri, umande mpaka magotini, nikajiambia naenda kuiona kompyuta yangu mpya.

Wanawake tulisimama mbali, nyuma ya ua wa michongoma. Mpinzani alikuwa mwekundu, mkubwa kuliko wetu, na watu wake walikuwa wengi kuliko sisi. Walipogongana vichwa nilisikia mlio ndani ya meno yangu. Wetu akasukumwa. Akarudi nyuma, akarudi tena, miguu ya nyuma ikichimba matope, na waimbaji wetu wakaanza kupungua sauti. Baba alisimama peke yake mbele, kofia mkononi. Sijui ni nini kilinipata. Nilijikuta nimevuka ua, nimepiga kigelegele, nimeushika wimbo pale wanaume walipouangusha, naimba sifa za yule fahali moja baada ya nyingine kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Wakaitikia. Ngoma zikarudi. Na yule mnyama akainamisha shingo, akaingia chini ya pembe za mwekundu, akamgeuza. Mwekundu akakimbia, watu wake wakitawanyika mbele yake.

Tuliimba mpaka nyumbani. Sauti ilikuwa imenikauka na kompyuta mpya nilikuwa nimeipoteza, lakini moyo wangu ulikuwa mweupe. Jumapili nilimwambia baba kwamba nitarudi kwa fundi, tuongeze memori, tutafute betri, Mungu atajua mengine. Akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu jioni nilikuta zizi wazi. Baba alikuwa ameketi barazani na bahasha magotini.

"Amechukuliwa na mtu wa Ikolomani," akasema. "Mtu mzuri. Iko na ngoma yake ya kusindikiza fahali."

"Lakini Baba, alishinda! Ulisema akishinda..."

"Nilisema hivyo kwa sababu nilijua atashinda." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa. "Akishindwa angeenda kwa bucha, hakuna mwingine anatakanga fahali amekimbia. Mimi sikutaka kumuuza hata kidogo. Halafu nikakuona pale uwanjani. Unamwimbia, na ni wewe unapoteza." Akaniwekea bahasha mkononi. "Mwenye kumwimbia fahali iko na fungu yake."

Nilienda Kisumu kesho yake. Nilirudi na mashine mpya, na mvua ya saa tisa ilipokuja nilipiga chapa katikati ya radi, mji mzima ukiwa giza. Nilicheka peke yangu kibandani.

Asubuhi iliyofuata niliamka mapema. Dirishani nilimwona baba akitoka na panga na gunia, akishuka kuelekea mtoni kukata majani ya fahali, kama alivyozoea. Alifika kwenye mgomba wa mwisho akasimama. Alisimama hapo kitambo, kisha akageuka, akarudi na gunia tupu begani. Alipofika mlangoni akanikuta nimemsubiri.

"Haya, mama," akasema, "washa hiyo mashine niione."