Mbuzi Asiyechinjwa

Sitadanganya kwamba nilikwenda mahakamani kutafuta haki. Nilikwenda kumkomoa. Yule bwana aliniparamia na gari lake pembeni kabisa mwa barabara ya Magu, alasiri jua likiwaka, akanivunja mguu wa kulia, huo huo ninaokanyagia cherehani. Kabla sijaanguka nilimwona vizuri: kichwa kimemwangukia kifuani, amelala.

Nikiwa bado na plasta ngumu ya POP mguuni, alikuja nyumbani na baba yake mdogo, wazee wengine wawili na mbuzi jike mweupe. Kwetu jambo hilo lina utaratibu wake. Mkosaji anataja kosa kwa mdomo wake, wazee wanasikia, mbuzi anapokelewa. Mbuzi akishaliwa, yamekwisha, hata kununa huruhusiwi. Basi akapiga magoti mbele ya mama yangu.

"Mama, nilisinzia. Naomba mnisamehe."

Mama yangu na moyo wake laini akapokea kamba, akaulizia kisu.

"Huyo mbuzi hachinjwi," nikasema.

"Mwanangu, usinitie aibu mbele ya wageni."

"Wachinjie kuku, mama."

Wakala kuku, wakaaga, mbuzi wakamwacha. Haikupita miezi miwili nikasikia anatangaza sokoni Kisesa kwamba yule mshona nguo alijitupa mwenyewe barabarani. Mtu aliyepiga magoti kwetu! Kwa hasira nilishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Siku iliyofuata nilichukua magongo yangu nikaenda kutafuta wakili.

Nilimpata dada mmoja wa msaada wa kisheria. Akaniuliza nataka nini hasa. Nikamwambia nataka yale aliyoyasema mbele ya mama ayaseme mbele ya hakimu, watu wakisikia. Akacheka kidogo, akasema hayo hayaandikwi kwenye hati ya madai, tutaandika fidia. Nikamwambia andika unachotaka.

Kesi iliahirishwa mpaka mbuzi akazaa mara mbili. Tulipofika kwenye ushahidi, bwana yule akasimama na suti yake, macho makavu, akaapa kwamba siku hiyo gari alikuwa amemwazima mtu mwingine. Mimi na mama tukaeleza ya magoti. Wakili wake akasema mbuzi aliletwa kwa kuwa gari ni la mteja wake tu, hayo ya magoti ni mtu na mama yake, wamekaa jikoni wakapanga. Nilimchukia yule wakili kuliko hata mteja wake.

Kisha, ili kuonyesha kwamba hata hivyo mambo yalishamalizwa kifamilia, wakamleta baba yake mdogo. Mzee wa watu alikuja amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa na jambo moja tu moyoni: asije mtu akadhani kwamba ukoo wao haujui kuomba radhi.

"Mheshimiwa, tulifuata kila kitu," akasema. "Mbuzi alikuwa jike, hana kilema. Na kijana wangu hakusemewa na mtu. Alipiga magoti mwenyewe, akasema nilisinzia."

Wakili wake akainamia makaratasi. Hakimu akaacha kuandika, akamtazama yule bwana, akamrudisha kizimbani, akamkumbusha kiapo chake.

"Nani alikuwa anaendesha?"

Nilimkazia macho.

"Ni mimi, mheshimiwa. Nilisinzia."

Nilitamani arudie. Mzee alikuwa anatikisa kichwa kukubali, ameridhika, hajui alichokifanya. Nje nilimwamkia shikamoo kwa heshima zote, naye akaitika marahaba.

Hukumu ilipotoka upande wetu, mama alifurahi akaanza kunoa kisu. Sasa tumle, akasema, yaishe.

"Bado," nikamwambia. "Nimeshinda, sijasamehe."

Mama akarudisha kisu jikoni. Mguu ukikaza asubuhi, nachechemea mpaka barabarani nikiwa na kamba mkononi. Yule bwana hana njia nyingine ya kwenda Magu kwenye biashara yake ya mpunga. Mbuzi namfunga pale pale aliponigonga, aendapo amwone na arudipo amwone.